Wavulana Mia na Watano

Mimi nina hasira za karibu, na sitajifanya mpole kwa sababu tu nasimulia. Watu wa Makambako wananijua. Nimeuza nyuzi za kufumia karibu na stendi kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama mbele ya wateja wangu akaniita mwizi. Mtu huyo ni Sista Bertila, na ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Usidhani ni sista wa shirika la watawa. Ni mkunga. Huku kwetu kila muuguzi ni sista, hata awe na watoto sita. Bertila alizaliwa kwa wakulima wa mahindi upande wa Ludewa, akasomea ukunga, akarudi kufanya kazi katika hospitali ya misheni ileile alikozaliwa yeye, na akakaa wodi ya wazazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Ni mfupi, anaongea kwa sauti ya chini, anavaa raba nyeupe anazozing'arisha kwa dawa ya meno ya watoto. Ukipishana naye sokoni huwezi kugeuka kumtazama.

Kule kwao baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na mtoto mchanga hupotezea joto kichwani. Kwa hiyo Bertila alijiwekea utaratibu wake: kila mtoto anayezaliwa wodini kwake avalishwe kofia ya sufu siku hiyohiyo. Mvulana bluu, msichana pinki. Alifuma mwenyewe, akawafundisha na wahudumu, wakawa wanafuma huku wakisubiri uchungu wa wazazi ukomae. Mara mbili kwa mwaka alipanda basi mpaka Makambako, akalala kwa ndugu yake, na asubuhi akaja dukani kwangu kununua madonge ya uzi, bluu na pinki, nusu kwa nusu. Kila mtu anajua Mungu anatoa nusu kwa nusu. Hata mimi nilijua hivyo.

Basi mwaka elfu mbili na nne akaingia dukani, mkoba begani, uso umekaza.

"Kamwene, Baba Jackline," akanisalimia kikwetu. Jackline ni binti yangu, mtoto wangu pekee.

Nikaitikia. Nikauliza habari za Ludewa.

"Nzuri. Unanipunja kwenye bluu."

"Ati nini?"

"Kila donge linatoa kofia nne. Nanunua sawa kwa sawa. Pinki inabaki, bluu inaisha wiki moja kabla. Mwaka juzi hivyo, mwaka jana hivyo, mwaka huu hivyo. Ingekuwa mara moja ningesema nimekosea mimi. Mara tatu, baba, huo ni wizi."

Dukani walikuwamo wateja wanne. Mmoja akaguna, yule mguno wa mtu aliyepata habari ya kupeleka nyumbani. Lo! Nilipandwa na mori, nikatoka mbio hadi kwa jirani anayeuza misumari, nikarudi na mizani yake kifuani. Tukapima donge la bluu, tukapima la pinki. Tukapima matano matano, kumi kumi. Mshale ulisimama palepale kila mara, wala haukutikisika.

"Haya, sema samahani," nikamwambia, kwa sauti iliyofika stendi.

Aliitazama ile mizani muda mrefu, mpaka wateja wakachoka kutazama. "Kama uzi ni sawa," akasema taratibu, "basi watoto si sawa." Akachukua madonge yake akaondoka, nami nikabaki na hasira zangu na watu wa kunitazama.

Alirudi baada ya wiki sita, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Akaomba kigoda, akakaa, akafungua daftari la shule. Alikuwa amezipekua rejista za wodi za miaka kumi na tisa, ukurasa kwa ukurasa, kila baada ya zamu yake. Watoto elfu saba. Wavulana elfu tatu mia tano tisini, wasichana elfu tatu mia nne na kumi.

"Nisamehe," alisema. "Hukunipunja. Ni wavulana. Kwa kila wasichana mia wanazaliwa wavulana mia na watano."

Nilibisha, kubisha ndiyo kazi yangu. Nikamwambia labda ni hospitali yenu, labda ni maji ya huko. Akasema alishafikiria hilo. Alimwandikia mkunga mwenzake wa Makete, naye akahesabu za kwao: mia na wanne. Akafungua kitabu chake cha ukunga alichokisoma akiwa msichana, akakuta mstari mmoja tu, aliupita zamani bila kuuona, unasema dunia karibu yote iko hivyo.

Wewe unaweza kusikia jambo hilo ukaendelea kunywa chai. Mimi mwili ulinisisimka. Fikiria bwana: mwanamke mmoja anajifungua ng'ambo ya mto, mwingine kule juu kwenye ukungu, hawajuani, hawajaagana, hakuna aliyewapangia zamu. Kila mmoja anapata wake kwa namna yake, huyu watatu wa kike mfululizo, yule wa kiume watupu. Kisha unawaweka pamoja elfu saba, unakuta mkono ulishapima. Niliwahi kumwona mkurugenzi wa halmashauri akitoka kwenye gari lake, niliwahi kuona Ziwa Nyasa likiwa na dhoruba. Sikuwahi kuogopa vile nilivyoliogopa lile daftari.

"Swali langu ni jingine," Bertila akasema. "Wanakwenda wapi?"

"Kina nani?"

"Hao watano."

Jumapili yake nikaenda kanisani na macho mapya. Parokia yetu wanaume hukaa kushoto, wanawake kulia. Mbele kabisa, kwenye mikeka ya watoto, wavulana walikuwa wamesongana hadi wanapigana viwiko. Katikati, kwa vijana wenye kuoana, pande mbili zilikaribiana idadi. Nyuma kwa wazee, Mama wee! Upande wa kulia bibi zetu walikuwa wamebanana na vitenge vyao, benchi nne zimejaa. Upande wetu benchi moja na nusu, na mzee mmoja alikuwa ameweka koti lake pembeni kwa kuwa nafasi ilikuwapo ya koti. Miaka yote nimekaa pale na sikuwahi kuona.

Bertila alipokuja tena nilimwonyesha picha yetu ya kipaimara. Wavulana thelathini na mmoja, wasichana ishirini na tisa, tumevaa meupe, tumekunja sura kwa jua. Tukapita na kidole kichwa kwa kichwa. Wasichana ishirini na watano walikuwa hai. Sisi tulikuwa kumi na saba. Huyu Dionis, lori la mbao lilimwangukia kule Kitulo. Huyu Abel alikwenda mgodini, akarudi kwenye sanduku. Wiliam alikunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa shangwe ya mavuno, akalala njiani, baridi ikammaliza. Jacob aliugua ule ugonjwa wa miaka ya tisini na hakutaka kupima. Mkewe alipima, akajitunza mpaka dawa zikaja, yuko hai leo anauza viazi pale mnadani.

"Mnakuja wengi kwa sababu mnamwagika," alisema Bertila. Hakusema kwa dharau. Kwao walizaliwa saba, wavulana wanne. "Leo tumebaki watatu," akaniambia, "na wote tunavaa gauni."

Tangu hapo tukawa marafiki, kama unaweza kumwita rafiki mtu anayekuja dukani kwako mara mbili kwa mwaka kukueleza nani atakufa kwanza. Mke wangu Margareth alimpenda kuliko mimi. Margareth akatutoka mwaka elfu mbili na kumi na saba, akanitangulia, kinyume kabisa cha daftari. Nilimwambia Bertila hesabu zake hazina adabu. Akasema hesabu ni ya wengi, mtu mmojammoja haimjui. Nilikasirika siku tatu, halafu nikaona kweli.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi, mwezi wa sita, simu ikalia nikifungua duka. Jackline wangu anafundisha shule ya msingi kulekule Ludewa, na alikuwa mjamzito wa mapacha, mimba ya miezi saba haijatimia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji alfajiri. Mumewe, Amon, dereva wa lori, alikuwa ameharibikiwa gari mbali huko mpakani. Mama yake Amon alikuwa Makete anauguza mguu uliovunjika. Nikafunga duka bila kuzima redio, nikapanda gari la Njombe, nikaunganisha la Ludewa, na kesho yake saa sita mchana nilikuwa hospitalini.

Bertila alikuwa amestaafu, lakini hospitali ilimwomba arudi asimamie chumba cha watoto njiti. Ndiye aliyenipokea mlangoni. Hakunisalimia.

"Jackline ana homa ya kidonda, ameishiwa nguvu. Anaweza kumbeba mmoja. Wa kike ana kilo moja na gramu mia, yuko kifuani kwake, anapumua vizuri. Wa kiume ana gramu mia tisa na hamsini. Nimembeba mimi tangu jana na nina watoto wengine sita. Vua shati."

"Nini?"

"Shati, na hiyo fulana ya ndani."

Nilichungulia. Chumba kizima ni wanawake, kila mmoja ana kichwa kidogo kimejitokeza kwenye kitenge kifuani. Wakanitazama. Jamani, mimi nimelelewa na watu wanaojua kwamba mwanamume haingii kwa wazazi, hata baba mtoto husimama nje ya dirisha. Sembuse babu.

"Sista, mimi mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, nina mvi mpaka kifuani."

"Mvi haziondoi joto."

"Mpelekeni Njombe mjini, kuna mashine!"

"Barabara hii, baridi hii, atafika amepoa. Mashine yake ni wewe. Mzee Tarsis, kila dakika unayonibishia anapoteza joto."

Nikavua. Akamtoa yule mtoto kifuani kwake, akaniwekea. Sijawahi kushika kitu chepesi vile chenye uhai. Pakiti ya kilo ya sukari ina uzito kumzidi yule. Ngozi nyekundu, unaona mishipa, miguu kama vidole vyangu. Bertila akatufunga pamoja kwa kitenge, akafunga fundo mgongoni kwangu, akasema: "Usilale chali, usiiname, usikasirike. Moyo wako ukienda mbio anasikia."

Mimi! Nisikasirike!

Mchana ule alinieleza huku akimimina maziwa ya Jackline kwenye mrija mwembamba uliopita puani mwa mtoto. Njiti wa kike na wa kiume wa uzito mmoja si sawa, alisema. Mapafu ya kiume yanachelewa kukomaa, wiki moja, pengine mbili, na kwa mtoto kama huyu wiki moja ni maisha. Tena kuna sehemu ya maelekezo ya mwili ambayo msichana amepewa nakala mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Ukurasa ukichanika huku anasoma kule. Mvulana ana nakala moja tu, ikiwa na tobo ndiyo basi. "Mnaanza mkiwa wengi, na siku ya kwanza tu mnaanza kupungua," alisema. "Ujana mnajimaliza wenyewe kwa pikipiki na pombe na ubishi wa kutokwenda hospitali. Uzeeni ni mioyo na mishipa. Nimeona jinsi mnavyopungua, Mzee Tarsis, na naweza kukuambia sababu nyingi. Lakini kwa nini mlizidishwa tangu mwanzo, nani alijua mtapungua, hilo silijui. Hata madaktari nawauliza, wanabishana. Nikilifikiria sana napiga magoti."

Mmoja wa wale watano alikuwa kifuani kwangu, na moyo wake ulikuwa unadunda kwa kasi hata nikashindwa kuuhesabu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani, mtoto akaacha. Nilihisi kifua chake kimetulia. Nikangoja apumue tena, hakupumua. Nikamtazama midomo, inageuka rangi ya udongo wa mfinyanzi. Nikapiga ukelele.

"Mkune nyayo!" Bertila akaita kutoka ng'ambo ya chumba. "Amesahau kupumua. Mkumbushe!"

Nikaingiza mkono, nikapapasa unyayo, nikaukuna na kucha. Hakuna. Nikakuna tena. Wanawake wote wamesimama. Nikaanza kumwambia, sijui nilitoa wapi maneno, pumua baba, pumua bwana mkubwa, usiniudhi, nina hasira mimi. Bertila alikuwa ameshafika, mkono wake umeshika kifaa cha kupulizia hewa, mtoto akajikunja kama mdudu aliyeguswa, akavuta hewa. Nikasikia ikiingia.

"Ataacha tena," alisema Bertila. "Leo, kesho. Utamkumbusha."

Aliacha mara tatu siku ile, mara mbili kesho yake. Kila mara nilimkuna nyayo, kila mara nilikuwa najua kwamba yuko ukingoni na mimi ndiye niliyeshika ukingo. Sikuwahi kusali vile hata nilipomzika Margareth.

Amon alifika siku ya saba, vumbi mpaka kwenye kope, akalia mlangoni, mwanamume wa futi sita. Bertila akamwambia avue shati. Tukagawana zamu, yeye usiku, mimi mchana, na wale mama wakatuzoea hadi wakaanza kututania. Mimi walinipa jina, Mama Mkubwa. Ningekuwa dukani ningewatimua, pale nilicheka mpaka Bertila akanikemea kwa kumtikisa mtoto. Siku moja alinipima presha kwa kuwa kila anayebeba lazima apimwe. Ilikuwa mia tisini kwa mia moja na kumi, na sikuwa nimewahi kupimwa maishani. Nikameza vidonge alivyonipa bila ubishi, na nameza mpaka leo.

Gramu elfu moja zilituchukua siku kumi na moja. Elfu moja mia mbili, wodi nzima wakapiga vigelegele. Homa ya Jackline iliisha, akapata nguvu, dada mtu akaanza kunyonya mwenyewe na kutuonea sisi huruma kwa macho. Kaka mtu alikuwa anapanda gramu kumi, anashuka tano. Wiki ya sita akanyonya. Siku ya arobaini na tisa alikuwa na kilo moja na gramu mia nane, na daktari akasema twende nyumbani.

Amon alileta gari la kukodi mpaka getini. Jackline akaingia na binti, mizigo ikapakiwa. Bertila alimbeba mvulana kutoka wodini, hakutaka mtu mwingine ambebe, na mimi nikafuatana naye pole pole kwenye ile njia ya kokoto.

"Mzee Tarsis," akasema, "nina miaka thelathini na minane kwenye kazi hii. Wasichana walioingia chini ya kilo moja wakatoka na mama zao kupita geti hili, si wengi, lakini wapo. Kumi na mmoja."

"Na wavulana?"

Alikuwa anamtazama yule mtoto, ambaye alikuwa amelala, anapumua bila kukumbushwa.

"Huyu."

Nilisimama. Siku arobaini na tisa nilikaa kwenye kile kiti nikidhani nambeba mtoto mgonjwa, kumbe nilikuwa nambeba mtu ambaye wenzake wote walishakwenda. "Kwa nini hukuniambia?" nikamfokea. "Siku ile ya kwanza, kwa nini?"

"Ungembeba?"

Sijui. Mpaka leo sijui, na jambo hilo linanitisha.

Tukafika kwenye gari. Jackline akanyoosha mikono dirishani apewe mwanawe. Bertila hakumtoa. Alikuwa amemkumbatia yule mtoto kifuani, kidevu juu ya kichwa chake, amefumba macho, na machozi yanamtiririka bila sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikaenda dirishani kwake, mimi mwenye haraka zangu zote, nikamwambia azime gari.